Tulifunga siku 21 na mtoto wetu akafariki. Je, ni imani yangu iliyopungua?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mkoa wa Geita. Kifungua mimba wetu alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Miaka tisa tumehangaika naye, hospitali na maombi, maombi na hospitali. Mwaka huu mwezi wa pili alibanwa kifua, tukalazwa. Kanisa letu lilifunga siku 21. Siku ya 19 mtumishi alikuja wodini akasema mtoto amekwisha kupona, kilichobaki tukiri kwa vinywa vyetu, tusitamke tena kwamba anaumwa. Alifariki siku ya 21 yenyewe, alfajiri. Tulipomaliza matanga, mama mmoja wa kikundi cha maombi alinivuta pembeni akaniambia mtoto angepona, ila mimi niliendelea kumpa dawa, na hayo yalikuwa mashaka. Mdogo wake ana miaka minne, naye anao ugonjwa ule ule. Wa tatu tulimpima, ni mzima. Mume wangu hataki tena kusikia habari za kanisa. Mimi naenda, lakini nikipiga magoti maneno hayatoki, na kusema kweli nina hasira na Mungu. Je, ni imani yangu iliyopungua? Nimwachishe huyu mdogo dawa ili safari hii nimwamini Mungu kabisa? Na akiniuliza kwa nini kaka hakupona, maana ameanza kuuliza, nimjibu nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma jana jioni, nikairudia usiku, nikairudia tena asubuhi kabla ya chai.

Naanza na swali lako la katikati kwa sababu hilo halisubiri. Usimwachishe mtoto dawa. Hata dozi moja, hata kwa siku tatu za kufunga, hata akitumwa nabii kutoka mbali. Kama jana hukumpa kwa ajili ya mawazo haya, mpe leo. Haidroksiyurea kama ameandikiwa, foliki asidi yake, penisilini kwa umri wake huo, kliniki kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Akipata homa usingoje kukuche. Kwa mtoto wa selimundu homa ni safari ya hospitali usiku huo huo. Kama hawajakufundisha kupapasa bandama upande wa kushoto chini ya mbavu ili ujue imevimba lini, mwambie muuguzi akuoneshe. Mimi si daktari. Nimekuwa mchungaji wa hospitali Kanda ya Ziwa kwa miaka 22, sehemu kubwa katika wodi ya watoto, na ninaijua sura ya mtoto aliyeletwa akiwa amechelewa. Sitaki kuiona kwako mara ya pili.

Ulipompa kaka yake dawa hukumtilia Mungu shaka. Paulo alimwandikia Timotheo, mwanawe katika imani, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara. Ni mtume anayempa dawa ya tumbo mchungaji kijana, wala hakumwambia akemee tumbo. Na mwenzao wa safari alikuwa Luka, ambaye Wakolosai 4 inamwita tabibu mpendwa. Kama kidonge kingekuwa mashaka, Paulo asingetembea na tabibu.

Sasa nije kwa huyo mama wa kikundi cha maombi. Sitamhukumu. Huenda naye ana kaburi lake ambalo hajapata kulielewa, akaona heri liwe na sababu yoyote kuliko kukosa sababu kabisa. Lakini alichokuambia si kweli, na ninataka nikuoneshe ndani ya Biblia yako mwenyewe. Ifungue Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 20. Ni mstari ambao hakuna anayeuhubiri. Paulo yuko kifungoni, anajua atauawa, anatoa habari za wenzake: huyu kaenda huku, yule kabaki kule. Ndipo anasema: “Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi.”

Hawezi. Nilipokuwa nikifundisha kipaimara, vijana walikuwa wakifika hapo wanauliza, “Hawezi nini, Mchungaji?” Sisi wa bara neno hilo limetutoka. Watu wa Pwani mpaka leo wanasema “fulani hawezi” na kila mtu anaelewa kwamba anaumwa, basi. Waliotutafsiria Biblia ya Union, ile ya 1952 ambayo wengi bado tunaibeba, waliandika hivyo, na mimi nawashukuru, maana ndivyo ugonjwa ulivyo. Mtu hawezi. Hawezi kutembea, hawezi kula, wakati mwingine hawezi hata kuomba.

Huyo Trofimo alikuwa nani? Matendo 21 inamtaja kuwa Mwefeso. Na Efeso ndiko Matendo 19 inakosema leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa, wakapona. Fikiria, mtu wa mji ule ule, rafiki wa mtume yule yule, amesafiri naye, anaugua Mileto, si mbali na kwao, na Paulo anamwacha kitandani anaendelea na safari. Hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani, wala kwamba yeye Paulo hakufunga siku za kutosha. Hakutafuta mlango ambao adui aliingilia. Neno moja tu, hawezi, kisha anamwambia Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mimi nimemkalia Trofimo miaka mingi. Wodini nilikuwa nikimtumia kuliko Ayubu, kwa sababu Ayubu mwishoni alirudishiwa kila kitu, na mama aliyefiwa akisikia habari za watoto wapya wa Ayubu anageukia ukutani.

Watakuletea Yakobo 5, nami naipenda Yakobo 5. “Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa. Nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana.” Ona ni nani anayepewa kazi. Mgonjwa kazi yake ni kuita tu. Wanaoomba kwa imani ni wazee. Kama kuna mtu wa kuulizwa habari za imani kupungua, waanze kujiuliza waliosimama na chupa ya mafuta, wala si mtoto aliyewekewa oksijeni au mama aliyekesha kwenye kiti cha plastiki. Lakini sitaki uwageuzie hata wao lawama. Tazama na Yohana 5, pale birika la Bethzatha. Kulikuwa na wagonjwa wengi wamelala, vipofu, viwete, waliopooza. Yesu alimponya mmoja, aliyekuwa na ugonjwa wake miaka 38. Alimtaka imani gani? Mtu yule hata hakumjua aliyemponya ni nani. Mstari wa 13 unasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo asiyemjua Yesu alipona, na rafiki wa mtume alibaki kitandani. Anayekuambia ana kipimo cha kujua nani atapona kwa kuangalia imani ya mtu, amekipata wapi?

Tuna kumbukumbu zetu pia. Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere alipolazwa London kwa kansa ya damu, nchi hii iliomba. Makanisani na misikitini, shuleni, kwenye vijiwe vya kahawa. Tarehe 14 akafariki. Sikumbuki kusikia mtu akisema Watanzania walikuwa na imani haba. Tulilia, tukamzika Butiama. Na sisi Walutheri wa Kanda ya Ziwa tunaye Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa uamsho haswa, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Alisumbuliwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mwili, akafariki 1988. Nani angesimama mbele ya mzee yule amwambie imani yako ndogo? Lakini kwa mama wa Geita aliyefiwa na mtoto, watu wanapata ujasiri wa kusema. Hilo linanikera, na sitaficha.

Linalonikera zaidi ni lile la siku ya 19. Najua andiko linalotumika, Isaya 53, “na kwa kupigwa kwake sisi tumepona.” Naliamini. Lakini Paulo, aliyelijua andiko hilo, anasema katika Warumi 8 kwamba sisi tulio na Roho bado tunaungojea ukombozi wa mwili wetu. Kitu unachokingojea hujakipata mkononi. Lazaro alifufuliwa siku ya nne, na baadaye akafa tena, maana hatuna habari kwamba yuko Bethania hadi leo. Uponyaji wote wa mwili tunaoupata huku ni wa muda, hata ule wa Yesu kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana kumlazimisha mtu aseme “sina ugonjwa” wakati mwili unasema kingine ni kumdai leo kitu ambacho Mungu mwenyewe amekiwekea siku yake.

Na ona kinachompata mtoto. Kulikuwa na binti mmoja wodini kwetu, wa miaka 11 hivi, naye selimundu. Mchana wageni wa kanisa wakija alikuwa anakaa kitandani wima, anatabasamu, anasema “nimepona kwa jina la Yesu.” Usiku muuguzi alimkuta ameuma kona ya shuka, jasho linamtoka, miguu inamuuma mpaka anatetemeka. Alipoulizwa kwa nini hakusema aongezewe mofini, dawa ya maumivu, alisema kwa kunong'ona, “Nikisema nitaharibu.” Mtoto wa miaka 11 amebeba uponyaji wake mwenyewe kama beseni la maji kichwani, akitikisika tu litamwagika. Yesu hakuishi hivyo. Gethsemane aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Alisema inauma. Alimwomba Baba amwondolee kikombe, na kikombe hakikuondolewa. Kama kuna ombi lililoombwa kwa imani kamili na mwombaji asiye na dhambi, ni lile.

Nikisema kikombe, wa umri wetu tunakumbuka kingine. Mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa shilingi 500, watu wametoka kila pembe ya nchi na hata Kenya. Wapo waliofia njiani kabla ya kufika. Usidhani naandika nikicheka. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anakufa kwa figo mwaka ule, na mimi, mchungaji mwenye joho, nilikuwa nimeshapatana bei na mwenye gari. Kiti cha mbele tulikuwa tumekitengea yeye. Alifariki siku nne kabla ya safari. Kwa hiyo wanaponiambia watu wanaokimbilia mafuta ya upako na maji ya baraka ni wajinga, nanyamaza. Mwenye mgonjwa hana akili ya ziada. Alichonacho ni mgonjwa.

Baada ya kumzika nilirudi kazini, lakini Jumapili tatu nilimwomba mwinjilisti ashike ibada. Sikuweza kusimama madhabahuni niseme “Bwana awe nanyi.” Nilikuwa na hasira kama hiyo yako. Nitarudi hapo.

Kwanza ngoja niliguse lile ambalo hukuliuliza ila nimelisikia chini ya maneno yako, na naamini mume wako analisikia pia: tulikosea nini? Swali hili wanafunzi walimuuliza Yesu kwa kipofu, Yohana 9: “Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?” Akajibu kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Kwa selimundu jibu hilo lina maelezo yake ya kidaktari, na nikupe kwa sababu nimewaona wanandoa wengi wakiachana juu ya jambo hili. Wewe na mume wako kila mmoja amebeba nusu ya kurithi, bila kuugua, pengine bila kujua. Kila mimba yenu, nafasi ni moja kati ya nne mtoto apate ugonjwa, mbili kati ya nne abebe nusu kama ninyi, na moja kati ya nne asiwe nayo kabisa. Hakuna upande wenye laana, wala mizimu ya ukoo wa nani. Chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinaziba vijishipa, basi. Jina lenyewe limetoka hapo, seli na mundu, ule wa kuvunia mpunga. Wataalamu wanakadiria watoto wapatao 11,000 wanazaliwa hivyo kila mwaka hapa Tanzania. Kama ni adhabu, ni adhabu ya ajabu inayochagua watu waishio penye malaria.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo limenikalia rohoni. Ile nusu mliyoibeba ninyi wawili inamkinga mtoto mdogo asiuawe na malaria kali. Ndiyo sababu imebaki kwetu vizazi na vizazi, hapa Kanda ya Ziwa zaidi kuliko sehemu nyingi. Waliokuwa nayo walipona utotoni, wakakua, wakazaa. Huenda bibi yako alivuka utoto kwa sababu hiyo, na ndiyo maana wewe upo. Kitu kile kile kilichowahifadhi wazee wako kimemchukua mwanao. Nimejaribu kukihubiri, nimeshindwa. Sikioni kama mpango mzuri ambao nikueleze utulie, wala sikioni kama uovu wa mtu yeyote. Paulo anasema “viumbe vyote pia vinaugua pamoja.” Zaidi ya hapo mimi huwa nafunga Biblia.

Nilijifunza kuifunga kwa aibu. Mwaka wangu wa pili hospitalini, mtoto wa mama mmoja alikata roho saa tisa usiku, nikaitwa. Nilikuwa kijana, nilitaka kusema kitu. Nikamwambia Mungu ni mtunza bustani, amechuma ua lake zuri. Yule mama alikuwa anamfunga mtoto khanga, hakuinua uso. Akasema, “Bustani yake haina maua mengine, Mchungaji?” Sikumjibu. Nilishika upande wa pili wa khanga tukamfunga pamoja. Tangu usiku ule sijasema tena habari za ua, wala kwamba Mungu alimpenda zaidi, wala kwamba alihitaji malaika. Watakaokuja kwako na maneno hayo, wengi wanakupenda. Waambie asante, wape chai. Rafiki za Ayubu nao walianza vizuri, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao waliokuwa wakimtetea, si Ayubu aliyekuwa akimlalamikia.

Basi hasira yako. Uliuliza kama mtu anayeungama wizi. Zaburi ya 13 inaanza na “hata lini” nne mfululizo. Zaburi ya 88 ni ngumu zaidi. Karibu kila zaburi ya kilio, hata ile ya 22 aliyoililia Yesu msalabani, mahali fulani inageuka ikamsifu Mungu. Hii ya 88 haigeuki. Mtu analia usiku na mchana, anamwambia Mungu umenitupa, umeuficha uso wako, na neno lake la mwisho ni “gizani.” Hakuna haleluya mwishoni. Na watu wa Mungu waliiweka kwenye kitabu chao cha nyimbo, waiimbe pamoja. Kuna mtu alikuwa na hasira kama yako miaka elfu mbili na zaidi iliyopita, na Mungu hakuifuta. Aliiacha iwe neno lake.

Ninachokuomba ni kimoja: hasira yako usiwasimulie watu wengine tu, mwambie Mungu mwenyewe. Kwa sauti kama unaweza, ukiwa peke yako shambani au unapoteka maji. Mimi nilikuwa naendesha baiskeli kutoka hospitali jioni, nagombana naye barabarani, nikikutana na mtu nasalimu halafu naendelea. Mtu aliyeacha kuamini hagombani na mtu. Ndiyo maana nikisoma kwamba una hasira na Mungu sioni imani iliyokufa.

Na magoti yasipotoa maneno, usiyalazimishe. Hapa tena Kiswahili kimetusaidia kuliko waliotafsiri walivyokusudia, sijui. Warumi 8:26, “Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.” Kuugua. Mgonjwa anaugua, na aliyeelemewa anaugua, anatoa ile sauti ya “mmmh” ambayo si neno. Kwetu ni neno moja. Mwanao aliugua, nawe unaugua, na Paulo anasema Roho Mtakatifu naye anaugua humo ndani yako, na huko ndiko kuomba kwake. Siku ambayo una sauti hiyo tu, umeomba. Ukitaka na maneno machache, chukua ya yule baba mwenye mtoto wa kifafa katika Marko 9: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Alisema vyote viwili kwa pumzi moja na Yesu hakumrudisha akajipange upya.

Na kama hata hayo hayatoki, acha wengine wakuombee kwa zamu. Katika Marko 2 yule aliyepooza hakusema lolote, wanne walimbeba, wakatoboa dari, na imeandikwa Yesu “alipoiona imani yao.” Tafuta wanne wako. Wasiwe wengi. Nakushauri kikundi kile cha maombi ukipumzishe kwa sasa, bila ugomvi. Sema unahitaji kukaa na familia. Ibada ya Jumapili usiache kama unaiweza, hata ukikaa kiti cha nyuma, hata usipoimba. Kuimbiwa na wengine wimbo uliouzoea kuna kazi yake. Kama mtumishi yule atarudi na ujumbe kuhusu huyu mdogo, una haki ya kumwambia, kwa heshima, mlangoni: “Mtumishi, tuombee, lakini usitutabirie.” Akikataa masharti hayo, mshukuru, umfungie mlango.

Mume wako mwache kwanza. Usimvute kwa mahubiri wala usimletee wachungaji nyumbani kwa kushtukiza; sisi tukijipanga sebuleni wanne mwanamume anajiona yuko mahakamani. Pengine hajamkataa Mungu, amekataa kuambiwa mwanawe alikufa kwa kosa la mkewe. Muulize hilo. Ukigundua kwamba alikuwa anakutetea, mtalia pamoja, na itakuwa ibada ya kwanza nyumbani kwenu tangu msiba.

Je, uendelee kuomba huyu mdogo apone? Ndiyo. Naomba uponyaji kila ninapoingia wodini, nimeomba miaka yote hiyo, na nimeona mambo. Nimemwona mtoto ambaye madaktari walikuwa wamemwita baba yake pembeni, akaamka asubuhi anaomba uji. Sikuwahi kujua kwa nini yule na si wa kitanda cha tatu. Waliopona nimewabatizia watoto, na wasiopona nimewazika, na Mungu niliyemwomba kwa hao na hawa ni mmoja. Kuna maneno manne katika Danieli 3 ambayo nayategemea. Wale vijana mbele ya tanuru walimwambia mfalme kwamba Mungu wetu aweza kutuokoa, na papo hapo wakaongeza: “Bali kama si hivyo.” Hawakuona kwamba kuongeza hivyo kunapunguza imani yao. Omba hivyo hivyo. Mponye, Bwana, mwili mzima, leo. Bali kama si hivyo, dawa zifanye kazi, maumivu yapungue, aende shule, afikishe miaka ambayo kaka yake hakufikisha. Siku hizi wapo wenye selimundu wenye watoto wao, wapo ninaowajua wanaofundisha shule. Hayo nayo ni maombi ya uponyaji, na mengine yanajibiwa kwenye dirisha la dawa.

Limebaki swali la mtoto. Usimwambie kaka amelala, ataogopa kulala. Usimwambie Mungu alimchukua kwa sababu alimpenda, maana atakaa akisubiri zamu yake. Mwambie kweli, kwa maneno ya umri wake. Kaka alikuwa na ugonjwa kwenye damu. Tulimwombea, madaktari walimpa dawa, mwili ukachoka, akafa. Tunamkumbuka, na Yesu anaye. Wewe pia una ugonjwa huo, na wewe tunakuombea na dawa unakunywa. Hukumfanya kaka afe, na mama hakumfanya kaka afe. Hiyo ya mwisho iseme kwa sauti, uisikie na wewe.

Atauliza tena kesho yake, wanauliza hivyo hivyo mara ishirini, na kuna siku atakuuliza kama Mungu alisikia tulipokuwa tunaomba. Mwambie alisikia. Akiuliza sasa mbona, mwambie, “Sijui, mwanangu,” umkalishe mapajani, umpe kikombe cha maji. Watoto wa selimundu wanatakiwa wanywe maji mengi.